Simu isitupokonye daftari la chama

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ambayo walimu wa Kiswahili huwafunza wanafunzi mwaka nenda mwaka rudi, yafaa ikumbukwe leo na kila mwanachama wa kikundi cha akiba hapa nchini.

Hapana shaka kwamba simu ya mkononi imetuletea neema. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mama muuza mboga ameweza kutoa mchango wake bila kufunga kibanda, naye kijana aliyehamia mjini kutafuta riziki hakulazimika tena kujiondoa katika chama cha kijijini kwao. Uchunguzi wa FinAccess ulionyesha kwamba mwaka 2006 ni watu wazima 27 hivi kati ya kila 100 waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Kufikia 2024 walikuwa takriban 85. Atakayeyabeza mafanikio haya atakuwa mwizi wa fadhila.

Hata hivyo, kufikiwa na huduma ni jambo moja, na kuwa na sauti juu ya fedha zako ni jambo jingine. Ninahofia kwamba vikundi vingi vimepata la kwanza na vinaanza kupoteza la pili.

Tuzingatie jinsi akiba ilivyolindwa zamani. Shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akiba miongoni mwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na mtindo huo ukaenea hadi kwetu. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu likawa alama yake. Mmoja hutunza sanduku, na wengine watatu hutunza funguo. Siku ya mkutano sanduku hufunguliwa mbele ya wote, fedha zikahesabiwa kwa sauti, na salio likatangazwa. Hata bibi asiyejua kusoma huondoka akiwa na hesabu ya chama kichwani. Kinga yake haikuwa chuma cha sanduku. Ilikuwa macho na masikio ya wanachama.

Sasa tutazame hali ilivyo katika vikundi vingi. Kila mmoja hutuma mchango wake kwa simu ya mweka hazina, na mkutano huahirishwa kwa kuwa "pesa zimeshatumwa". Arafa anayopata mwanachama humweleza alichotuma yeye pekee, haimwelezi jumla ya chama. Daftari lililokuwa la wote limeingia mfukoni mwa mtu mmoja. Wala si lazima mtu huyo awe mwizi ili madhara yatokee. Laini imesajiliwa kwa jina lake. Akifariki ghafla, wanachama na jamaa za marehemu watavutana juu ya fedha ambazo hakuna karatasi inayoonyesha ni za nani.

Nakiri hoja ya wale wasemao kwamba sanduku la fedha huwavutia majambazi. Sipendekezi turudi huko. Ninachosema ni kwamba fedha zikihamia kwenye simu, mashahidi nao wahamie pamoja nazo. Zipo akaunti za vikundi ambazo hazitoi hata shilingi mpaka zaidi ya afisa mmoja waidhinishe. Hizo ndizo kufuli tatu za zama hizi. Aidha, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imeviwezesha vyama hivi kusajiliwa na kutambuliwa rasmi. Kikundi kinachoweka akiba ya watu 20 katika laini ya mtu mmoja kimeamua kutotumia njia zilizopo.

Na hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Katika nyumba nyingi za mashambani, nyanya asiyejua kusoma humpa mjukuu wake simu amsomee arafa, na pengine humtajia nambari yake ya siri. Mwanafunzi huyo, bila kuteuliwa na yeyote, amekuwa mhasibu wa nyanyake. Je, tumemwandaa kwa dhamana hiyo? Tumemfunza kukokotoa riba kwa ajili ya mtihani, lakini ni wangapi tuliowafunza kulinganisha taarifa ya simu na daftari la chama, mstari kwa mstari? Ni wangapi wanaojua kwamba kumfundisha nyanya kubonyeza tarakimu zake nne mwenyewe ni heshima kubwa kuliko kumbonyezea?

Naamini somo hilo halihitaji kitabu kipya wala bajeti ya wizara. Mwalimu wa hisabati anaweza kuanzisha chama cha darasa chenye mchango wa shilingi tano, mweka hazina wa zamu na daftari linalosomwa kwa sauti kila Ijumaa. Mtoto aliyezoea kusikia hesabu ikisomwa hadharani atashangaa akikuta chama ambacho hesabu hazisomwi, naye atauliza ni kwa nini.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye kibaba sharti aruhusiwe kuchungulia ndani. Basi chama chako kikutanapo tena, omba taarifa ya simu isomwe mbele ya wote kabla ya chai kumiminwa.