Kampemba: pembeni mwa uwanja si mahali pa kutupa watoto

Kwenye viwanja vya vumbi vya komini ya Kampemba, toka Bel-Air mpaka Bongonga, kuna tabia ambayo makocha wa watoto wanapaswa kuiacha. Mtoto mgeni akifika, hasa yule ambaye familia yake ilikimbia vita Kivu ao Mitwaba, anaambiwa: «Wewe kaa kule pembeni.» Hakuna anayemweleza afanye nini kule. Mpira haumfikii. Baada ya nusu saa watu wanasema hajui kucheza.

Nani alimfundisha?

Pembeni kuna kazi, tena ngumu. Mwenye mpira anaelekea katikati ili beki amfuate. Winga anangoja karibu na mstari. Hakimbii mapema, maana akimpita beki wa mwisho kabla pasi haijatoka, ni ofusaidi. Anaondoka pale mwenzake anapoinua kichwa tayari kupiga. Anapita nje ya beki, na mpira unatumwa mbele yake, mahali patupu. Akikaribia mstari wa goli, anaangalia kwanza nani yuko wapi, kisha anarudisha mpira chini kwa anayekuja nyuma.

Mambo haya hayaji kwa kupiga kelele «Kimbia! Kimbia!» Yanaomba mazoezi: watoto wawili dhidi ya beki mmoja, mawe manne ya kuonyesha njia kando ya mstari, kurudia mara ishirini, kisha kubadilishana nafasi. Hayahitaji viatu vya bei, wala uwanja kama ule wa TP Mazembe pale Kamalondo.

Makocha wengine watajibu kwamba wanataka kushinda siku ya Mungu, hawana wakati. Basi wanaweka watoto wawili wenye nguvu katikati na kupiga mpira mrefu mbele. Mechi ya watoto wa miaka 12 inashindwa hivyo, lakini wale wengine tisa wanarudi nyumbani bila kujifunza kitu.

Wakumbuke fainali ya CHAN ya 2016, kule Kigali. Kongo ilipiga Mali 3-0, na mabao mawili yalitoka kwa Meschack Elia, mtu anayejulikana kwa mbio zake za pembeni. Nafasi ile ile ambayo Kampemba inapewa mtoto asiyetakiwa, wengine wameitumia kuletea nchi kombe.

Mtoto aliyeacha nyumba, shule na marafiki anatafuta kikosi ambamo ataitwa kwa jina lake. Kumsimamisha pembeni bila kumfundisha ni kumfukuza mara ya pili.

Wazazi, wenyeji na waliofika juzi, wana haki ya kusimama kando ya uwanja na kumuuliza kocha: leo huyu mtoto amejifunza nini? Kocha asiye na jibu aanze kesho asubuhi. Mawe manne yapo.