Vyombo vya Chakula: Ofisi za Umma Zianze

Saa saba mchana semina ya hifadhi ya mazingira husimama kwa ajili ya chakula. Washiriki wamekwisha kusikiliza mada juu ya taka za plastiki, wameuliza maswali, na wengine wameandika maazimio. Mlangoni hupokea mgao wao: boksi jeupe la povu la plastiki lenye wali na kuku, chupa ya plastiki ya maji, chupa nyingine ya soda, na kijiko cha plastiki kilichovikwa nailoni (na ni haki kuuliza ni nani aliyeamua kwamba kijiko nacho kinahitaji nguo). Vyote hivyo hutiwa pamoja katika mfuko wenye mishikio ili mshiriki abebe chakula na kinywaji kwa mkono mmoja. Nusu saa baadaye mapipa ya ukumbi yamefurika, na semina huendelea na mada ya alasiri.

Jambo hili si la ukumbi mmoja wala la idara moja. Limekuwa desturi katika mikutano mingi ya watumishi wa umma, na kwa kuwa ni desturi, hapana anayeliona. Wakati umefika wa kuliona.

Kuanzia tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alikuwa amelitangazia Bunge uamuzi huo mwezi Aprili mwaka huohuo, na kanuni zilizofuata hazikuacha mwanya juu ya unene wa mfuko: uwe mzito au mwepesi, ulikatazwa. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangulia tangu mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Kenya mwezi Agosti, 2017. Wananchi waliitikia. Mfuko wa rambo, ambao kwa miaka mingi ulining'inia kwenye kila mti wa njiani, ukaziba mitaro na kuingia matumboni mwa ng'ombe na mbuzi, ulitoweka madukani katika muda mfupi kuliko walivyotazamia wengi. Hayo ni mafanikio makubwa, na yeyote anayekumbuka hali ya mitaa ya Dar es Salaam kabla ya mwaka 2019 hawezi kuyabeza.

Lakini kanuni zile zililenga mfuko wa kubebea. Hazikuandikwa kwa ajili ya boksi la povu, wala bilauri ya kutupa, wala kijiko cha kutupa. Mnunuzi wa unga au sukari alipata mahali pa kukimbilia: kikapu, mfuko wa kaki, mfuko wa kitambaa. Mnunuzi wa supu hakupata. Mfuko wa kaki haubebi mchuzi, na anayebeba wali wa maharage pamoja na chai ya moto hawezi kuviweka katika kikapu kitupu kama anavyoweka mihogo. Pengo hilo ndilo lililozibwa na vitu vingine vya plastiki. Mwaka 2021 Serikali ililazimika kutoa agizo dhidi ya vifungashio vyembamba vya plastiki ambavyo wafanyabiashara walikuwa wamevigeuza kuwa mifuko ya kubebea. Agizo lilikuwa sahihi. Hata hivyo, swali la mnunuzi wa supu lilibaki palepale: aibebee nini?

Yafaa wasomaji waelewe ni kitu gani wanachokiweka mbele yao wakati wa chakula. Boksi jeupe ambalo watu huliita tekeawei limetengenezwa kwa polistirini iliyojazwa hewa, na ndiyo maana ni jepesi kama sufi. Polistirini huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100 za Sentigredi. Chipsi hukaangwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 170 au zaidi. Ndiyo sababu si ajabu kuona chini ya boksi pamenywea au pametoboka pale chipsi zilipotua zikiwa na mafuta yake. Plastiki iliyokuwa pale imekwenda wapi, kila mlaji anaweza kujijibu. Polistirini hutokana na kemikali iitwayo stairini, na mwaka 2018 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliiweka kemikali hiyo katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Haina maana kwamba anayekula chipsi leo ataugua kesho. Ina maana kwamba chombo hicho hakikustahili kupewa chakula cha moto chenye mafuta, na hicho ndicho kinachopewa kila siku.

Mfuko mwembamba wa nailoni nao hulegea kwenye joto linalokaribia la maji yanayochemka. Katika baadhi ya shule mwanafunzi hutumwa nje ya lango kumletea mwalimu chai na maandazi au supu na chapati. Hurudi akiwa ameshika fundo la nailoni kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili, akitembea kwa hadhari. Fundo likifunguka au akijikwaa, atakayeungua ni mtoto huyo. Mwalimu anayefundisha somo la sayansi anajua vema sifa za joto na plastiki. Hana haja ya kuelezwa na mtu mwingine. (Kama ni halali mtoto kutumwa saa za masomo ni hoja nyingine, na jibu lake halina utata.)

Kuna na huu mfuko mbadala. Wengi huudhani kuwa ni kitambaa kwa sababu unashikika kama kitambaa. Ukweli ni kwamba mifuko mingi ya aina hiyo imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, na polipropilini ni plastiki. Sababu ya kuruhusiwa kwake ni kwamba ukiwa na uzito unaotakiwa, yaani gramu 70 kwa mita ya mraba, unaweza kutumika mara nyingi. Thamani yake yote imo katika kutumika tena. Mfuko mbadala unaotolewa saa saba na kutupwa saa saba na nusu ni rambo lililobadilishwa jina.

Hapa ndipo penye suala la haki, na ndilo linalopaswa kuwagusa zaidi watumishi wa umma. Kanuni za 2019 ziliweka adhabu kwa kila ngazi. Hata mtu anayekutwa na mfuko mkononi anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kufungwa hadi siku 7. Muuzaji adhabu yake ni kubwa zaidi. Ukaguzi hufanywa sokoni, kwa mama lishe na muuza mboga, kwa sababu wao wako wazi, juani, na meza zao hazina mlango. Ofisi ina mlango. Bwana afya au mgambo akimaliza kukagua genge hurudi ofisini, na huenda chakula chake cha mchana kikaletwa ndani ya boksi la povu. Hajavunja kanuni ya mfuko wa kubebea. Lakini mama lishe aliyesimamishwa asubuhi ana macho, na anajua ni nani anayemwagiza amfungie chakula saa saba. Anafunga kwa plastiki kwa sababu mteja wake amekuja mikono mitupu. Kumkaba muuzaji na kumwacha mnunuzi mkubwa ni kutibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Nchi hii haina upungufu wa ujuzi wa kubeba chakula. Pakacha la makuti, kikapu cha ukindu cha pwani, kikapu cha milulu cha Iringa, kibuyu cha maziwa na kawa la kufunikia vyote vilikuwapo kabla ya kiwanda chochote cha plastiki. Katika miji ya pwani familia nyingi, hasa zile zenye asili ya Asia, zilitumia sufuria za ngazi: bakuli tatu au nne za bati au aluminiamu zinazopangwa moja juu ya nyingine na kubanwa kwa mshikio mmoja. Wali hukaa chini, mchuzi katikati, matunda juu, na hapana kinachomwagikia kingine. Katika jiji la Mumbai, India, tangu mnamo mwaka 1890 kumekuwa na wachukuzi wanaokusanya vyombo vya namna hiyo majumbani, kuvifikisha maofisini kwa treni, baiskeli na mikokoteni, na kuvirudisha vitupu siku hiyohiyo. Kabla ya janga la UVIKO-19 walikadiriwa kusafirisha vyombo vipatavyo 200,000 kwa siku.

Wala haihitajiki kwenda Mumbai kutafuta mfano wa chombo kinachorudi. Kila Mtanzania aliyekulia mjini au kijijini anaijua kreti ya soda. Mnunuzi hakuchukua soda bila kuacha chupa tupu au kuweka fedha ya chupa. Mtoto aliyetumwa dukani alijua kwamba chupa ni mali, na kwamba akiivunja atajibu nyumbani. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kwa mabango. Utaratibu huo ulibeba mamilioni ya chupa kutoka kiwandani hadi vijijini na kuzirudisha, kwa miongo mingi, na haujafa hata leo ingawa chupa ya plastiki imeuminya. Mama lishe anayehudumia ofisi yenye watu 30 anaweza kufanya vivyo hivyo kwa bakuli zenye vifuniko: mteja huacha amana, hula, hurudisha bakuli, huchukua amana yake au hupewa chakula cha kesho katika bakuli nyingine iliyooshwa. Chupa ya chai ya ofisi hukaa pembeni katika kikapu kimoja chenye kizuizi katikati, ili chai isilale juu ya wali. Fundi bati wa Gerezani hatashindwa kutengeneza mshikio wa kubana bakuli, na msusi wa vikapu hatashindwa kusuka kizuizi. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kuwaagiza.

Zipo hoja za kupinga, na baadhi ni za kweli. Chombo cha mteja kinaweza kuwa kichafu, na muuzaji akalaumiwa kwa tumbo la kuhara lisilo lake. Kwa hiyo ni bora vyombo viwe vya muuzaji au vya ofisi, vioshwe mahali pamoja kwa maji ya moto na sabuni. Bakuli ni ghali kuliko boksi, hilo nalo ni kweli kwa siku ya kwanza. Lakini siku za masomo kwa mwaka ni zaidi ya 190. Shule yenye walimu 20 wanaonunua chakula kila siku hutupa maboksi zaidi ya 3,800 kwa mwaka, na bei ya kila boksi imo ndani ya bei ya chakula, iwe imetajwa au haikutajwa. Mwalimu anayalipia yote, kisha analipia tena kuyazoa.

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya chini: kwamba ofisa mzima hawezi kuonekana barabarani ameshika bakuli. Hii ni kasumba. Mtumishi yuleyule haoni aibu kushika mfuko wa kutupa wenye jina la hoteli. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka viongozi waishi kama wanavyowataka wananchi waishi, na hapana ibara inayosamehe saa ya chakula.

Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 wanajua kwa nini zilifika vijijini. Vikundi vilikaa kuzunguka redio, vikasikiliza, vikajadili, kisha vikainuka na kufanya kazi iliyotajwa. Mtu ni Afya haikuishia kusema kwamba kinyesi huleta maradhi. Ilisema choo kichimbwe, na vyoo vikachimbwa. Walimu walikuwa miongoni mwa walioviongoza vikundi hivyo. Marufuku ya plastiki imesema vizuri ni kitu gani kiachwe. Sehemu ya pili, ya kusema ni kitu gani kishikwe badala yake, imeachiwa soko, na soko limejibu kwa povu.

Kazi hiyo ina wenyewe. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lipo kwa ajili ya bidhaa za namna hii, na vyuo vya VETA vina wanafunzi wa uchomeleaji wanaotafuta cha kuchomelea. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina uwezo wa kueleza ni vyombo gani vinafaa kwa chakula cha moto. Lakini fundi hatengenezi bakuli 500 kwa matumaini. Hutengeneza kwa oda, na mwagizaji wa chakula anayeweza kutoa oda kubwa kuliko mtu mmoja mmoja ni Serikali, pamoja na halmashauri na shule zake.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Maofisa ugavi huandika masharti ya zabuni za chakula cha mikutano, na ndani ya masharti hayo huweka idadi ya watu, aina ya nyama na saa ya kufikisha. Pana nafasi ya mstari mmoja zaidi: chakula na vinywaji viletwe katika vyombo vinavyorudishwa, na mzabuni avichukue jioni.