Anayeona vipaji naye ana kazi

Goma inajivunia Jonathan Kuminga, mzaliwa wa hapa, aliyechaguliwa na Golden State Warriors mwaka 2021 na kuchukua ubingwa wa NBA mwaka 2022. Ni haki. Lakini basketi haina kazi ya wachezaji peke yao.

Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, hakuwahi kucheza NBA. Mwaka 2002 alianza kutafutia Orlando Magic vipaji, bila mshahara. Denver Nuggets wakamlipa kwa kazi ileile, baadaye wakampa uongozi, na mwaka 2013 akatajwa mkurugenzi bora wa NBA. Mwaka 2019 Toronto Raptors ikawa bingwa chini yake.

Kocha wa Majengo anayeandika kwenye daftari jina, umri na urefu wa kila mtoto anafanya kazi hiyohiyo, ila wengi wanaona anapoteza wakati. Familia ikikimbia vita, mtoto anapotea uwanjani; daftari ndilo linamkumbuka. Mashirika yanayogawa mipira yampe kwanza huyo kocha posho na simu. Na wazazi wasimcheke binti anayependa kuhesabu pointi kuliko kucheza.