Hali ya Hewa na Wagonjwa wa Pumu Mijini

Imezoeleka kudhaniwa kwamba mvua ya radi husafisha hewa. Vumbi hulala, joto hupungua, nao watu hufungua madirisha wapate kupumua. Wakazi wa mji wa Melbourne, huko Australia, walidhani hivyo pia hadi jioni ya tarehe 21 Novemba, 2016.

Siku hiyo joto lilifikia nyuzi zipatazo 35. Jioni dhoruba ilivuka mji, na upepo wa baridi ukaitangulia. Katika muda wa saa 30, wagonjwa wa kifua waliokimbilia hospitali walizidi idadi ya kawaida kwa zaidi ya 3,300. Simu za kuomba magari ya wagonjwa zilikuwa nyingi kuliko magari yenyewe. Watu kumi walipoteza maisha.

Wataalamu wameeleza chanzo chake. Mashamba ya malisho yaliyouzunguka mji yalikuwa yamechanua, na upepo ukabeba chavua ya nyasi. Punje nzima ya chavua ni kubwa; hunaswa puani, ikaleta chafya na mafua basi. Lakini ikilowa unyevu wa dhoruba hupasuka, ikatoa chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Upepo unaoshuka kutoka mawinguni huzirundika karibu na ardhi, mahali hasa watu wanapovuta pumzi.

London ilikuwa imekwisha kuonja balaa hilo Juni 1994. Katika saa 30 hospitali zilipokea wagonjwa 640, ilhali waliotarajiwa ni 66 tu. Lililo zito zaidi ni kwamba 283 kati yao hawakuwa wamewahi kujulikana kuwa na pumu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba habari hizi hazimhusu, kwa kuwa yeye huugua mafua ya mzio tu, hana budi kufikiri upya.

Afrika Mashariki hali ya hewa ina njia nyingine za kumwandama mgonjwa. Katika miji ya nyanda za juu, kama Mbeya, Arusha na Nairobi, baridi ya asubuhi za Juni na Julai huulaza moshi wa mkaa na wa magari chini chini, usipate kupaa. Masika nayo huacha unyevu na ukungu kutani. Isitoshe, hewa baridi na kavu peke yake yatosha kubana njia za pumzi za mwenye pumu, hasa anapokimbia.

Hapo ndipo suala hili linapoingia katika uwanja wa shule. Mwanafunzi anayebaki nyuma katika mchakamchaka alfajiri ya baridi, akikohoa na kushika kifua, mara nyingi huhesabiwa kuwa mvivu, pengine akaongezewa mzunguko mwingine. Adhabu ya namna hiyo yaweza kuua. Mtoto kama huyo apaswa kusimamishwa, akaketishwa wima na kupewa dawa yake ya kuvuta. Asipopata nafuu upesi apelekwe hospitali. Dawa yenyewe haifai kufungiwa kabatini huku ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda mjini kufuata mshahara.

Wazazi nao wafahamishwe kwamba dawa ya kutuliza shambulio si ile ya kinga. Ya kinga hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mgonjwa anapojiona mzima. Wengi huiacha mara tu kifua kinapotulia, na shambulio linalofuata huwakuta hawana ngao.

Tangu mwaka 2017 jimbo la Victoria, ambako Melbourne ipo, hutangaza tahadhari ya pumu ya radi katika majira ya kuchanua kwa nyasi. Watabiri wa hali ya hewa na maofisa wa afya hufanya kazi hiyo pamoja. Wahusika wa idara hizo katika nchi nyingine wanaweza kuanza kwa kuketi meza moja. Shuleni hata kikao hakihitajiki: orodha ya wanafunzi wenye pumu mwalimu wa zamu aweza kuiandika asubuhi moja, kabla baridi ya Juni haijaingia.