Usiihukumu turbo kabla ya kutoa plagi
SAUTI YA MPAKANI
Na Robi Mwita

Hapa Ntimaru turbo ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Gari likianza kukohoa mlimani, kabla hata boneti haijafunguliwa, hukumu imeshatolewa: turbo imekufa, uza haraka. Na watu wanauza kweli. Forester XT lililonunuliwa kwa mkopo wa chama linaondoka kwa bei ya kutupa, mnunuzi analipeleka Migori, linafungiwa plagi nne mpya, na wiki inayofuata tunaliona likitupita barabarani kama limeponywa.

Tuelewane kwanza. Turbo nyingi zinazopita hapa ni za dizeli, zile za kenta zinazobeba mahindi. Hizo hazina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa kushindiliwa tu. Nazungumzia turbo za petroli: Forester XT, Legacy GT, Golf TSI na wenzao. Mapenzi yetu kwa Subaru hayakuanza jana. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally ya 1994 akiwa kwenye Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari hiyo kwa Impreza pia. Waliokuwa watoto wakati huo ndio leo wanaoagiza magari.

Na wanayaagiza yakiwa na umri. Kanuni ya KS 1515 inaruhusu gari lililotumika liingie Kenya mradi halijapita miaka 8. Wengi, kwa sababu ya bei, huchagua lililokaribia ukomo huo. Sasa piga hesabu: plagi za iridiamu katika injini nyingi za Kijapani hupangiwa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Gari linashuka Mombasa likiwa na kilomita 80,000 au 90,000, linang'arishwa, linafika Kuria, na plagi zake zinaishiwa nguvu mikononi mwa mwenye gari mpya. Yeye anadhani ameuziwa turbo mbovu, kumbe zamu ya plagi imefika.

Sababu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba nguvu ya umeme inayotakiwa ili cheche iruke mwanya hutegemea mambo mawili kwa pamoja, upana wa mwanya na mgandamizo wa hewa iliyomo. Kazi ya turbo ni kushindilia hewa. Gari likiwa limesimama sokoni likinguruma polepole, cheche inaruka bila taabu. Lipandishe mlima, kanyaga mafuta, turbo ishindilie, na plagi iliyolika hadi mwanya wake ukapanuka itashindwa. Ndiyo maana gari hilo hilo linatulia tambarare na kumisi mlimani. Ndiyo maana pia magari mengi yasiyo na turbo hutumia mwanya wa milimita 1.0 au 1.1, ilhali ya turbo mengi hutaka 0.7 hadi 0.8. Kitabu cha gari ndicho cha kuamua.

Ukipuuza, ile petroli isiyowaka ndani ya silinda inakwenda kuwakia kwenye ekzosi, na joto lake linakipiga kichujio cha moshi na hiyo turbo yenyewe. Kwa hiyo ubishi wa muda mrefu unaweza kuitimiza ile hukumu ya uongo.

Kazi yenyewe mtu anaweza kuifanyia nyumbani. Golf plagi zake ziko juu, chini ya koili. Ni kazi ya asubuhi. Subaru ndiyo inayomtia mtu jasho, kwa sababu silinda zimelala ubavuni na plagi zinatazama chesi. Upande mmoja unatoa betri na tangi la maji ya kioo, upande wa pili boksi la kichungi cha hewa, halafu unaingiza soketi kwa ekstensheni fupi, ukipapasa zaidi kuliko kuona. Injini iwe imepoa kabisa. Hedi ni ya alumini, na uzi wa alumini ukiwa moto huharibika kirahisi.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa kupita, kwetu ndilo la kwanza: vumbi. Ukishatoa koili, tazama lile shimo. Utakuta mchanga mwekundu mwembamba umezunguka shingo ya plagi. Ukiifungua hivyo hivyo, mchanga unaingia kwenye silinda. Azima kompresa kwa fundi wa pancha, upulize kila shimo hadi liwe safi.

Plagi mpya ianze kwa vidole, si kwa spana. Ikigoma, itoe uanze upya. Ikishakaa, plagi ya uzi wa milimita 14 yenye washa mpya huongezewa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, basi. Ya uzi wa milimita 12 hutaka kidogo zaidi ya robo tu. Usiipake grisi, watengenezaji wa plagi NGK wenyewe wanakataza, kwa kuwa grisi hukufanya ukaze kupita kiasi. Gari likiendelea kumisi kwenye silinda moja, hamishia koili yake silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, umepata mwizi.

Sasa nije kwa mafundi wetu, ninaowaheshimu. Wamejifunzia Probox, na Probox husamehe mengi. Nimemsikia mmoja akimwambia mteja, "Mzee, hii inaingia vizuri tu." Kuingia inaingia. Lakini plagi hupimwa pia kwa joto. NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, 7 ni baridi kuliko 6. Denso ni hivyo hivyo, 22 ni baridi kuliko 20. Bosch wao wamegeuza, namba kubwa ndiyo moto zaidi. Asiyelijua hilo anaweza kufunga plagi ya moto kwenye injini ya turbo, mafuta yakawaka kabla ya wakati wake, na pistoni ikatoboka.

Na kuna feki. Denso Iridium Power ina ncha ya milimita 0.4, nyembamba kama sindano. Ukiuziwa "iridiamu" yenye ncha nene kama msumari, rudisha. Tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, lakini haitakuja kukusimamia kaunta ya spea pale Isibania.

Dawa ya kudumu ni kuwafunza mafundi, na Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji. Kaunti ya Migori ingeweza kununua injini moja ya turbo ya petroli kutoka gari lililogongwa na kuiweka mbele ya wanafunzi wa Kuria Mashariki, waifungue na kuifunga hadi waizoee. Gharama yake si hoja. Mpaka hapo, mwenye gari, mwambie fundi akuonyeshe boksi la plagi na namba iliyoandikwa juu yake kabla hajagusa boneti. Akikataa, usimwachie funguo.