Kompyuta Mpakato: Tusinunue Jina la Mfunikoni

Kamati yetu iliwahi kununua kompyuta mpakato iliyotumika kwa kuridhika na jina la kampuni lililo mfunikoni. Haukupita muda bawaba ikapasua ganda la plastiki. Fedha zile zilikuwa amana ya waumini, na kosa lilikuwa letu: tulitazama jina, hatukuuliza daraja.

Kompyuta za kazi hutengenezwa kwa madaraja. Kwa HP, ProBook ni ya bei nafuu. EliteBook iko juu yake, na ganda lake ni la alumini. Latitude za Dell hujulikana kwa tarakimu ya kwanza: 3490 ni ya chini, 5490 ya kati, 7490 ya juu. ThinkPad, ambayo Lenovo iliinunua kutoka IBM mwaka 2005, ina E ya bei nafuu na T iliyo imara zaidi.

Hata hivyo, ghali si lazima ikufae. ThinkPad X1 Carbon ni nyepesi na madhubuti, lakini RAM yake imelehemewa, haiongezwi. T480 ya mwaka 2018 ni nzito kidogo, ila ina nafasi mbili za RAM, na betri yake ya nyuma hubadilishwa bila kufungua ganda.

Basi mzazi anayemnunulia mwanawe aendaye chuoni asome namba kamili, afungue na kufunga mfuniko mara kadhaa, aulize kama RAM huongezwa, ndipo atoe fedha.