Msindikizaji Gani?

Wapo wanaopenda kusema kwamba mbio za magari ni za mwenye kisu kikali, na kwamba dereva anayejigharimia mwenyewe ni msindikizaji tu. Maneno haya nimeyasikia mpaka yamenichosha.

Hebu watueleze habari za Joginder Singh. Mzaliwa wa Kericho, 1932, mtoto wa fundi, naye mwenyewe fundi wa gereji. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari ya Afrika Mashariki na Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikwisha kuitumia. Gari la mtumba, kwa lugha yetu. Wakashinda.

Kosa la wasemaji hawa ni kuipima Safari kwa nguvu ya injini peke yake. Safari ya zama zile ilikuwa maelfu ya kilomita za mashimo na tope la masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Katika hali hiyo fedha hainunui sikio la kutambua springi inayotaka kukatika. Joginder aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19.

Nitaambiwa kwamba mwaka 1974 na 1976 alishinda kwa Mitsubishi, kiwanda kikiwa nyuma yake. Sawa. Lakini kiwanda kilimfuata kwa lipi, kama si kwa aliyokwisha kuyafanya bila kiwanda? Na hiyo 1974, Lancer yake ya lita 1.6 ilimwacha nyuma Björn Waldegård na Porsche 911 yake.

Linaloniudhi zaidi ni ile kebehi kwamba mtu wa gereji hushindana ili kutangaza biashara. Basi na atangaze! Kampuni kubwa ikibandika jina lake mlangoni mwa gari tunaita udhamini; fundi akionyesha kazi ya mikono yake tunaita tamaa. Tena fundi ndiye anayeweka rehani kubwa zaidi. Gari likimfia njiani mbele ya umma, Jumanne baada ya Pasaka nani atampelekea lake? Meneja wa kiwanda akishindwa huandika ripoti, akapanda ndege.

Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, madereva wa Kenya wanaojichangia spea na tairi wamesimama tena mstari mmoja na timu za viwanda. Mtangazaji atakayewaita wasindikizaji, mimi nazima redio.